Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Albuquerque, Marekani

Shikamooni wazee wangu wa Upare, na salamu nyingi kwenu ndugu, jamaa na marafiki mlioko Dar es Salaam, Arusha na ughaibuni. Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha msimu huu, ingawa hakutufikisha sote. Hii ni Krismasi ya kwanza bila Mama. Mnakumbuka kwamba mwezi Machi nauli ya ndege ilinishinda, nikafuatilia mazishi kwa simu, mtandao ukikatika kila mlipoanza wimbo.

Mwaka umekuwa mzito. Mchele, mafuta ya kula na kodi ya nyumba vimepanda huku kama mnavyoniambia vimepanda huko, na naamini nyumba nyingi zitakula pilau yenye nyama ya kuhesabu. Hilo tutalivuka. Lililonikaa moyoni ni jingine, na nimelibeba tangu tarehe 14 Julai, nilipokwenda Cochiti, kijiji cha Wapueblo, wenyeji wa asili wa huku, kilicho kando ya mto Rio Grande kati ya hapa na Santa Fe, katika sikukuu ya Mtakatifu Bonaventura. Walicheza ngoma ya mahindi juani, wazee kwa watoto, kisha milango ikafunguliwa kwa wageni. Mama mwenye nyumba hakuniuliza ukoo wala dini. Alinisogezea bakuli la mahindi na nyama, akasema nile kwanza. Nilikula nikilia, naye akajifanya haoni.

Juu ya kijiji kile kuna bwawa. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilianza kulijenga mwaka 1965 ili kuzuia mafuriko ya mto: ukuta wa udongo unaozidi kilomita 8 kwa urefu, katika ardhi ya watu ambao wahenga wao walilima bonde lile kabla Mhispania yeyote hajaliona. Mahali pao pa ibada paliharibiwa wakati wa ujenzi. Maji yalipoanza kujazwa mwaka 1973 yalipenya chini ya ukuta na kuibuka katika mashamba yaliyo upande wa chini, udongo ukawa tope, na watu wa mahindi wakakaa miaka mingi bila kulima. Kesi ikafuata, mifereji ya kukausha mashamba ikachimbwa, na hatimaye jeshi likaomba radhi. Radhi ni kitu chema, lakini hairudishi mahali pa ibada.

Na si mara yao ya kwanza kuonjeshwa machungu. Mwaka 1680 waliungana na Wapueblo wenzao kuwafukuza Wahispania, kisha wakahamia juu ya mlima, Kotyiti, ambako gavana wa Kihispania Diego de Vargas aliwavamia mwaka 1694 na kuteketeza kijiji. Waliteremka wakarudi mtoni, na bado wapo, wanacheza, wanasema Kikeresi, lugha yao.

Sisi wa milimani tunaijua thamani ya maji. Ndiva zetu, yale mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba, zilichimbwa kwa mikono ya ukoo, na hakuna aliyefungua maji bila wenzake kujua. Kwa hiyo sisemi bwawa ni dhambi, kwa maana hata umeme tunaupenda. Nasema mwenye ardhi aulizwe, na jibu lake lisikilizwe hata likiwa hapana. Ndugu zangu, tusingoje mgeni mwenye ramani ndipo tukumbuke mipaka yetu. Wapelekeni watoto shambani likizo hii, wajue mti gani ni mpaka na nani alizikwa wapi. Wazee, wasemesheni Chasu, Kipare chetu, hata wakicheka. Na asiuze mtu kiwanja cha babu kwa ajili ya ada au gari kabla ukoo haujaketi, kwa sababu fedha hiyo itakwisha kabla ya masika, nanyi mtabaki mkiomba njia ya kupita kwenda makaburini kwenu wenyewe.

Nawatakia Krismasi yenye heri na Mwaka Mpya wenye afya, amani na baraka tele. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wafiwa wafarijiwe.

Atakayepanda nyumbani, naomba anipalilie kaburi la Mama, apite na ndivani, anitumie picha kama vuli imeijaza.