Bomba lililokwaruzwa lisifukiwe kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalofanyika katika maeneo mengi ya ujenzi bila kuandikwa popote: kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kinapokwaruza bomba au kebo iliyo chini ya ardhi bila kuitoboa, wahusika hutazamana, hurudishia udongo na kuendelea na kazi.

Bomba likipasuka, angalau kila mtu atajua, kwa kuwa gesi itanuka au maji yataruka, na mafundi wataitwa. Mkwaruzo haumsumbui mtu siku hiyo. Jino la kijiko likichuna ganda la nje la bomba la chuma, unyevu hupata njia na kutu huanza kula. Jino hilo likichimba hadi chuma chenyewe, ukuta wa bomba hubaki mwembamba mahali pale, na siku mgandamizo wa ndani utakapopandishwa bomba laweza kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa Ghislenghien, Ubelgiji, ambako tarehe 30 Julai 2004 bomba kuu la gesi, lililokuwa limeharibiwa awali na mashine ya ujenzi, lililipuka na kuua watu 24. Kebo ya umeme iliyochubuka nayo hupenyezwa maji taratibu, na hitilafu yaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshahama.

Najua nitaambiwa kuwa ramani zipo. Ramani nyingi huonyesha mahali bomba lilipokusudiwa kulazwa, na kina chake ndicho kisichoaminika kabisa, kwa sababu barabara huinuliwa na udongo huondolewa miaka inavyopita. Kipima kebo, kifaa cha kutafuta kebo na mabomba yaliyofukiwa, nacho hakitambui bomba la plastiki ambalo halikulazwa pamoja na waya wa chuma, na kikiwekwa kusikiliza umeme pekee hakitaisikia kebo isiyopitisha umeme wakati huo. Kwa hiyo hakuna njia ya kukwepa mashimo ya majaribio yanayochimbwa kwa mkono, kwa koleo na si kwa sururu wala mtalimbo, mpaka bomba lionekane kwa macho. Waendesha vijiko huichukia kazi hii, nami siwalaumu, maana jioni huulizwa wamechimba mita ngapi.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mwendeshaji anayeripoti mkwaruzo hukatwa ujira au hupoteza kibarua, ilhali anayeufukia husifiwa kwa kumaliza mapema. Nashauri mikataba itamke wazi kwamba gharama ya ukaguzi haitatoka mfukoni mwake, na kwamba mtaro utaachwa wazi, watu wakiwa mbali nao, mpaka mwenye bomba afike. Mtaro ukiwa wazi, fundi huona jeraha, hulipima na kuamua kama litazibwa kwa ganda jipya au kipande kikatwe. Ukishafukiwa, hata pa kuanzia kutafuta hatapajua.

Wako,
Msimamizi wa kazi za mitaro