Mwanangu, Zihesabu Krediti Zako Sasa

Muheza, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, ambako sote tu wazima. Juzi kwenye simu uliniambia, kama jambo dogo lililokwisha kupita, kwamba kozi ya takwimu za kibiolojia imekushinda muhula huu, na kwamba unafikiri kuiacha hadi mwaka wa tatu, maadamu utaifaulu kabla ya mahafali. Nilikujibu kwa ufupi kwa sababu salio lilikuwa linakwisha, lakini usiku ule sikulala vizuri, na nimeona ni bora niketi nikuandikie kwa utulivu.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Unajua kwamba nilipata shahada mwaka mmoja baada ya wenzangu, na siku zote nimewaacha ninyi watoto mdhani kwamba niliugua. Sikuugua. Katika mwaka wangu wa mwisho, wiki chache kabla ya mitihani, niliitwa ofisini nikaonyeshwa kwamba kozi mbili za hiari, ambazo nilikuwa nimezisoma kwa bidii na kuzifaulu, zote zilikuwa za upande wa wanyama, ilhali masharti ya shahada yetu yalitaka mojawapo iwe ya mimea. Fomu zangu za usajili zilikuwa na sahihi ya mshauri wa masomo kila muhula, nami niliichukulia sahihi ile kuwa uthibitisho kwamba yupo mtu anayenihesabia. Hakuwapo. Kozi niliyoikosa ilikuwa ikifundishwa katika muhula wa kwanza tu, kwa hiyo ililazimu nisubiri hadi mwaka uliofuata kwa ajili ya kozi hiyo moja. Babu yako alikuwa ameshauza ng'ombe wake wa maziwa kwa ajili ya sherehe, na shangazi zangu walikuwa wameshashona sare. Nilipanda basi nikaenda kumweleza ana kwa ana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: hiyo karatasi ya masharti ulikuwa nayo tangu lini? Nilikuwa nayo tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, usimwachie mtu mwingine hesabu hii. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka shahada ya kwanza ya miaka 3 isipungue krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, za maabara na zile unazosoma peke yako. Hata hivyo, mtu anaweza kufikisha 360 na asihitimu, kama ilivyonitokea mimi, kwa sababu chuo hakitazami jumla peke yake. Hutazama iwapo kozi zote za lazima zimefaulu, iwapo za hiari zimetoka katika makundi yaliyoelekezwa, iwapo ripoti ya mafunzo kwa vitendo imepokelewa, na iwapo mradi wa utafiti umekamilika. Kozi ya hiari ikikushinda, mara nyingi waweza kutafuta nyingine badala yake. Ya lazima haina mbadala, na jenetiki, ikolojia, biokemia na hizo takwimu unazotaka kuziacha zote zimo humo.

Kuhusu takwimu nina neno la ziada, kwa kuwa nahisi unaziona kama hesabu zilizopachikwa katika biolojia ili kuwasumbua wanafunzi. Mfikirie chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, akiishi katika eneo la takriban hekta 2 lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme na manyunyu yakapungua. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kuzalishwa huko, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Sasa niambie, watu walijuaje kwamba vyura wanapungua? Hakuna awezaye kumhesabu kila chura mdogo katika majani yenye maji. Huhesabiwa katika vipande vichache vya ardhi vilivyochaguliwa kwa utaratibu, kisha idadi ya wote hukadiriwa, pamoja na kiasi ambacho makadirio hayo yanaweza kukosea. Hiyo ndiyo kozi iliyokushinda. Bila hiyo mradi wako wa mwaka wa tatu utakuwa na vipimo vingi usivyoweza kuvisemea lolote, na ndiyo sababu haifai kuisoma sambamba na mradi wenyewe.

Kwa hiyo ufanye huo mtihani wa marudio, mnaouita sapu, mara tu utakapopangwa, na ujiandae kana kwamba hakuna nafasi nyingine. Najua kwamba ukifaulu huenda usipewe zaidi ya C, na nadhani hilo limekuvunja moyo, lakini tuhesabu pamoja. Kozi ikiwa na krediti 12, tofauti ya C yenye pointi 2 na B yenye pointi 3 ni pointi 1 kwa kila krediti, yaani pointi 12 kwa kozi nzima. Zigawe kwa krediti 360, utaona umepoteza takriban 0.03 katika wastani wako wa shahada nzima. Kozi moja nyingine yenye krediti hizo hizo, ukiipandisha kutoka B hadi B+ yenye pointi 4, inarudisha zote. Kuchelewa mwaka mmoja hakurudishwi na kitu, na mkopo wako umepangwa kwa miaka 3.

Maabara usikose hata siku moja. Mchoro wa mbegu uliyoipasua mwenyewe huwezi kuunakili kwa rafiki, na alama za kazi za muhula ndizo zinazombeba mtu siku mtihani unapokuwa mgumu. Ukiugua, nenda hospitali ya chuo upate cheti, ukipeleke idarani kabla ya mtihani kufanyika, ili upewe mtihani maalumu badala ya kuandikiwa kwamba umeshindwa.

Nitakuja Dar mwisho wa mwezi. Nakuomba unitayarishie matokeo yako ya mihula yote mitatu pamoja na kile kitabu cha masharti ya shahada, chenye orodha ya kozi na makundi yake. Nimeshanunua daftari la mistari mikubwa. Tutachora safu za kozi za lazima, za hiari kwa kila kundi, na zilizobaki, kisha zile ambazo hatuna hakika nazo tutazipeleka pamoja kwa mshauri wako wa masomo, naye tumwombe majibu kwa maandishi.

Ni mimi mama yako akupendaye.