Zeno Clash, kabla hujalinunua

Kwako ndugu yangu Sefu,

Salamu nyingi sana, natumai nyote hamjambo. Huku sote wazima.

Umeniuliza kama Zeno Clash ni gemu la kununua au la kutazama wengine wakicheza. Linunue. Ila ujue mapema litakufurahisha wapi na litakukera wapi, kwa sababu furaha na kero zake zina mzizi mmoja: unapigana ngumi huku ukiona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe. Ukikutana na adui mmoja, hakuna gemu la ngumi linalokuweka karibu na pambano kuliko hili. Wakija watatu, macho hayohayo yanakuponza.

Limetengenezwa na ACE Team, kampuni ndogo ya Santiago, Chile, likatoka Aprili 2009 kwa kompyuta za Windows kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni. Injini yake, yaani programu inayoliendesha gemu, ni Source ya kampuni ya Valve, ileile iliyoendesha gemu la bunduki la Half-Life 2. Injini hiyo ilijulikana kwa magemu ya bunduki, nao wakaitumia kwa viwiko na magoti. Toleo la Xbox 360 lilifuata mwaka 2010, likaitwa Zeno Clash: Ultimate Edition.

Tuje kwenye ngumi zenyewe, maana ndiko uhondo uliko. Kitufe cha kushoto cha kipanya ni pigo jepesi, na ukikibonyeza mfululizo unapata kombo fupi ya mapigo ya haraka. Cha kulia ni pigo zito, na ukikishikilia pigo linajazwa nguvu kabla ya kutoka. Halafu kuna kitufe cha kujikinga. Ukiwa umejikinga, ukisukuma upande wakati ngumi ya adui inakuja, unaikwepa badala ya kuipokea mikononi, na mara tu baada ya kukwepa adui anakuwa wazi. Pigo unalompa sekunde hiyo ndilo la maana. Mengine yote ni ya kumsogeza tu.

Wanaoanza hukwama palepale kwa sababu wanalikimbilia pigo jepesi na kulibonyeza bila kupumua. Kwa wale maadui wa mwanzo linafanya kazi. Baadaye unakutana na wanaoinua mikono, wanaikinga kombo yako yote, kisha wanakujibu ukiwa bado unamalizia pigo la mwisho ambalo huwezi kulikatiza. Umeganda, na usoni kwako kuna ngumi. Dawa yake ni kuuvunja mwendo: mapigo mawili mepesi, simama, jikinge, subiri arushe, kwepa, jibu. Akizidi kujificha nyuma ya mikono yake, hapo ndipo utoe lile pigo zito. Lakini usilijaze ukiwa umesimama mbele yake. Rudi hatua moja, lijaze, kisha ingia nalo.

Adui akipigwa vya kutosha hulegea na kuyumba. Hapo unaweza kumkamata, ukampa goti la uso au ukamtupa upande unaoutaka. Kwenye pambano la watu wengi usimpe goti. Mtupe. Mwili wa mwenzao ukiwaangukia, unapata nafasi ya kupumua, na anayelala chini unaweza kumfuata ukamwongeza kabla hajasimama.

Jambo litakalokuchukua muda kulizoea ni umbali. Kwenye gemu la ngumi linalotazamwa kutoka pembeni, unaona mwili wako mzima na wa mwenzako, kwa hiyo unajua kama mkono utafika. Hapa huoni miguu yako wala bega lako. Unaona mikono miwili ikitokea pembezoni mwa skrini, na ngumi nyingi za mgeni hukata hewa. Usikisie kwa mikono yako, kisia kwa ukubwa wa kichwa cha adui kwenye skrini. Ukishakariri kichwa kinakuwa kikubwa kiasi gani pale ngumi inapofika, tatizo la umbali linakwisha. Kisha zoea kutazama mabega yake. Bega linarudi nyuma kabla ngumi haijaja, na kwa maadui wakubwa ishara hiyo ni ndefu, inakupa muda wa kutosha kukwepa bila papara. Watengenezaji waliifanya kazi hii kwa makini mno. Kila kundi la maadui lina namna yake ya kuinua mkono, na mwili unaopigwa unapepesuka kulingana na mahali pigo lilipotua. Uzito huo wa pigo ndio sababu watu bado wanalizungumzia gemu hili miaka mingi baadaye.

Sasa wakija watatu. Gemu linakupa kitufe cha kumfunga adui mmoja kwenye macho yako: ukimfunga, kamera inamfuata hata ukimzunguka. Kwa mmoja ni zuri sana. Kwa watatu linakuwa pingu, kwa sababu kamera imemganda yule uliyemfunga na wengine wawili wanakuja kwa kisogo, kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine kunachelewa, na mara nyingine linakurudisha kwa usiyemtaka. Huu ndio udhaifu mkubwa wa gemu zima, nami sioni haja ya kuutetea. Unaweza kuupunguza hivi: pambano likianza, usimfunge mtu yeyote. Rudi nyuma mpaka wote watatu waonekane kwenye skrini, na utafute ukuta wa kuegemeza mgongo. Anayekuja wa kwanza ndiye wa kumshughulikia. Mfunge, mpige mpaka alegee, mtupie wenzake, mfungue, rudi nyuma tena. Ukishikwa na tamaa ya kummaliza huyo mmoja, wale wawili watakuwa wamekwisha kukuzunguka.

Silaha zipo, na hapo napo pana mawili. Rungu na nyundo kubwa ni nzuri kwa kundi kwa sababu zinafagia kwa upana, ila ni nzito na zinakuacha wazi ukikosea. Bastola zenye umbo la samaki na mabomu ya mafuvu yanapendeza kuyatazama kuliko kuyatumia. Kujaza risasi kunachukua muda, na ukipigwa tu, silaha inakutoka mkononi. Kanuni hiyo inawahusu maadui pia, kwa hiyo mwenye bunduki mkimbilie kwanza, mpige, silaha ianguke. Ukiwa nayo wewe, itumie wakati bado wako mbali, na wakikaribia urudi kwenye ngumi. Zile sehemu ambazo gemu linakulazimisha kulenga shabaha kwa muda mrefu ndizo dhaifu kuliko zote. Zipite upesi.

Matunda yaliyotawanyika uwanjani ndiyo yanayorudisha uhai. Usiyaokote uhai ukiwa bado mwingi, yataisha bure. Kariri yalipo mapema, kisha pigana ukielekea upande wake, ili ukizidiwa usilazimike kukatiza katikati ya watu kuyafuata. Utazame pia upau wa stamina, yaani nguvu ulizobakiwa nazo. Ukikauka huku umejikinga, kinga yenyewe haitakusaidia kitu.

Kuhusu hadithi, nitakugusia kidogo tu nisikuharibie. Wewe ni Ghat, unakimbia mji wa Halstedom baada ya kumshambulia mzazi wako, kiumbe mrefu anayeitwa Father-Mother, na ndugu zako wote wanakuwinda. Unafuatana na mwanamke aitwaye Deadra, na sehemu kubwa ya yaliyotangulia unasimuliwa njiani. Utakutana na Corwid, watu wa msituni ambao kila mmoja ameshika jambo lake moja na hafanyi jingine. Yumo aliyeamua kutembea kwa mstari mnyoofu tu, basi. Hakuna anayekufafanulia kwa nini, na ulimwengu mzima wa Zenozoik uko hivyo: majengo yaliyopinda, viumbe nusu ndege nusu mtu, rangi ambazo huzioni kwenye magemu mengine ya wakati ule. Mwaka 2009 liliingia fainali ya tuzo ya ubora wa sanaa katika Independent Games Festival, tamasha la magemu ya watengenezaji wanaojitegemea, na ukiliona utakubali lilistahili. Sauti za waigizaji ndizo zinazopwaya. Baadhi ya mazungumzo yanasomwa kama tangazo.

Tena ni fupi. Saa 4 au 5 zinatosha kulimaliza, njia ni moja isiyo na vichochoro, na maadui walewale wanarudi mara kwa mara. Kabla ya pambano unaonyeshwa skrini ya wapinzani, kila mmoja na uso wake na jina lake, na baada ya muda utaanza kuwatambua kama majirani. Mimi naona ufupi umelifaa, maana kama lingekuwa refu mara mbili, zile vurugu za kamera zingekuchosha. Ukitaka zaidi, kuna minara ya changamoto, ambamo unapanda ghorofa baada ya ghorofa ukishindana na saa. Huko ndiko utakakojifunza kukwepa kwelikweli, kwa sababu ukijikinga tu unapoteza muda.

Usilinunue ukitegemea kupigana na mwenzako. Toleo la Windows ni la mtu mmoja. Ultimate Edition ya Xbox 360 ndiyo inayowaruhusu wawili kupanda minara pamoja, kwenye skrini moja au kwa intaneti. Zeno Clash 2, iliyotoka 2013 na kuhamia injini nyingine, Unreal Engine, inakuruhusu kucheza hadithi nzima na mwenzako. Humo kila mkono una kitufe chake, kushoto na kulia, na ramani ni pana zaidi, lakini ngumi zimetawanyika kwenye eneo kubwa na lile joto la uwanja mdogo limepungua. Anza na la kwanza. Ukianza na la pili, hadithi nayo itakupita, kwa sababu linaanzia pale la kwanza lilipoishia. Gemu lao la 2023 katika ulimwengu huohuo, Clash: Artifacts of Chaos, limeitoa kamera kichwani mwa mpiganaji na kuiweka nyuma ya mgongo wake. Hapo ukiwa na watatu unawaona wote, lakini ngumi haiji usoni kwako kama zamani.

Ukilipata, cheza kwa kipanya na kibodi badala ya pedi ya kushika mikononi, kwa sababu kugeuka haraka ndiko kutakakokuokoa. Punguza wepesi wa kipanya mpaka uweze kugeuka nyuma kwa mkupuo mmoja wa mkono bila kupitiliza. Kama skrini inayotikisika huwa inakutia kichefuchefu, washa taa chumbani, kaa mbali kidogo na upumzike kila baada ya mapambano kadhaa, kwani kila ngumi unayopokea inakitikisa kichwa chako na picha yote inayumba. Na kitufe cha kumfunga adui kihamishie mahali ambapo kidole kinafika bila kuachia vitufe vya kutembea, kabla hata hujaanza pambano la kwanza.

Niandikie ukifika kwa Corwid, tuzungumze habari za yule wa mstari mnyoofu.

Ni mimi ndugu yako,
Bakari