Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: barabara ya mzunguko ya Dodoma ipewe namba gani?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kizota, hapa Dodoma, ninakotengeneza malori.

Usiku mmoja wa masika dereva kutoka Zambia alinipigia simu. Beringi ya tairi la nyuma ilikuwa imekufa, ana mzigo wa Nairobi, yuko porini na utingo wake. Nikamuuliza yuko wapi. Akasoma kwenye simu yake: A104. Kwenye simu yangu A104 ilionekana ni barabara ya Arusha, basi nikapakia jeki na spana, nikaondoka na kijana wangu mpaka Mayamaya, kilomita 40 na ushee, tukimulika kila lori lililoegeshwa pembeni. Hatukumwona. Nilipompigia tena nikamwomba ampe simu mwenyeji yeyote aliye karibu. Mama mmoja akaniambia, "Hapa ni Fufu, kaka." Fufu iko barabara ya Iringa, upande wa pili kabisa wa mji. Tulimfikia alfajiri, amejikunyata chini ya tela.

Yule dereva hakukosea. A104 ni namba ya ramani za zamani, na baadhi ya ramani za simu bado zinaibeba: inatoka Iringa, inapita Dodoma, inakwenda Arusha. Kwa namba za Serikali njia hiyohiyo ni T5. Inayotoka Morogoro kupita Dodoma na Singida hadi Rusumo ni T3. Zote mbili zinakutana katika mji wetu, lakini mwulize mtu yeyote stendi T5 iko wapi. Sisi tunasema ya Arusha, ya Iringa, ya Singida, ya Dar. Kwa mwenyeji inatosha. Ila ukifika Babati, ile ya Arusha imeshageuka kuwa ya Dodoma.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaeleza vizuri madaraja: barabara kuu ni zile zinazounganisha makao makuu ya mikoa au kutuvusha kwenda nchi jirani, nazo hubeba herufi T, za mkoa hubeba R. Kwa hiyo herufi tunaielewa. Namba inayofuata herufi ndiyo haituambii kitu. Marekani namba witiri za barabara zao kubwa huenda kaskazini na kusini, shufwa mashariki na magharibi. Uingereza walianzia London, wakazungusha namba kama mshale wa saa. Kwetu T3 na T5 zote ni witiri, na moja inaikata nyingine.

Siombi zibadilishwe. Kufuta namba zilizozoeleka ofisini ni gharama, na madereva wangebaki na namba tatu badala ya mbili. Ninachoomba ni kuhusu barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayozikata zote nne: ya Singida pale Nala, ya Arusha pale Veyula, ya Dar pale Ihumwa na ya Iringa pale Matumbulu.

Ikikosa namba yake, lori la T5 litafuata T5 mpaka katikati ya mji, maana dereva mgeni hufuata alichokiona kwenye kibao. Kuihamishia T5 kwenye mzunguko nako kuna tatizo: kutoka Matumbulu hadi Veyula unaweza kupitia Nala au Ihumwa, sasa T5 ni upande upi? Wamarekani huupa mzunguko namba yake yenyewe, lakini inayomtaja mzazi: ule wa Washington ni 495, kwa kuwa unahusiana na barabara kuu namba 95. Nasi tuupe wetu namba yake, kisha kwenye kila makutano kibao kionyeshe T3 na T5 zinaendelea wapi kwa kuuzunguka mji.

Na nguzo za kilomita, Mheshimiwa. Zihesabu kutoka Nala kupitia Veyula, mfululizo mpaka zirudi Nala, na kila nguzo iandikwe namba ya barabara pande zote mbili, kwa rangi inayong'aa kwenye taa. Dereva akinisomea 60 usiku, nitajua amepita Ihumwa anaelekea Matumbulu, na nitawasha gari nikijua nakata kushoto au kulia.

Fundi wa malori,
Kizota, Dodoma