Barua kwa Mjomba: Prince alikuwa jirani ya watu huku

Shikamoo Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili kwa ajili yako, na mara ya tatu kwa ajili ya zile kelele za barazani nyuma yako: mmoja anaapa kwamba Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, aliishi Los Angeles ndani ya kasri, mwingine anasema alikuwa pande la mtu, na wewe unawanyamazisha, "Ngojeni, mpwa wangu yuko huko huko, atatwambia." Basi nimekaa kuandika. Naandika mahali pa wazi ili wasikie wote kwa pamoja, maana najua macho yako siku hizi hayapatani na skrini ndogo, na atakayekusomea ni huyo huyo mbishi mkubwa.

Tuanze na urefu tumalizane nao. Alikuwa na futi 5 na inchi 2 au 3 hivi. Mama angesimama naye wakatazamana macho kwa macho. Ule ukubwa mliouona kwenye mabango ulitokana na viatu na namna alivyojua kusimama. Na viatu nimeviona kwa macho yangu, Mjomba. Mwaka 2021 waliviwekea maonyesho nyumbani kwake, zaidi ya jozi 300, vya kushonewa, visigino virefu, na vingi vimevikwa kitambaa kile kile cha suti aliyovaa navyo. Nilisimama mbele ya jozi moja nikainama kabisa. Ngozi ya ndani imechakaa pale kisigino kinapokaa. Ni viatu vya mtu wa kazi.

Sasa Los Angeles. Huko alikwenda akarudi, kama alivyokwenda dunia nzima akarudi. Alizaliwa Minneapolis, huku huku Minnesota, tarehe 7 Juni 1958, baba mpiga piano wa jazi, mama mwimbaji. Akasoma Minneapolis, akamaliza shule ya Central mwaka 1976, na alipopata pesa za kununua popote alipotaka, akajenga Chanhassen, mji mdogo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka mjini. Mwaka 1996 mtangazaji Oprah alimuuliza kwa nini habanduki Minnesota. Akamjibu kwamba baridi inawazuia watu wabaya wasije. Kila Januari, nikitoka kazini usiku na kope zimeshikana kwa barafu, nakumbuka jibu hilo na linanipa moyo.

Unajua mwenyewe kwamba mimi sikumwona. Alifariki tarehe 21 Aprili 2016, nami nilitua hapa 2017. Uliniambia siku ile uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, huku umenishika mkono, "Umechelewa mwaka mmoja tu." Nilidhani ni utani wa kunizuia nisilie. Kumbe ulikuwa umehuzunika kweli, na nimekuja kuielewa huzuni ile baada ya kukaa na watu wa hapa.

Kwa sababu huku, Mjomba, kila mtu mzima ana siku yake aliyomwona Prince. Ukimgusia mtu wa makamo, awe muuguzi, fundi bomba au karani wa benki, ataweka chini alichoshika. Na hadithi zenyewe ni ndogo! Nilimwona kwenye taa za barabarani. Nilimwona dukani. Nilimwona kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Mwanzoni nilikuwa nangoja sehemu kubwa ya hadithi ifike, haifiki. Mfanyakazi mwenzangu katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi alinisimulia ya kwake wakati wa mapumziko, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi. Anasema alikuwa akiendesha gari Chanhassen, akamwona kwenye baiskeli, peke yake, pembeni mwa barabara. Nikamuuliza, "Ukafanya nini?" Akasema alipunguza mwendo ili asimpulizie vumbi. Hakupiga honi, hakutoa simu. Alipita. Basi. Ndiyo hadithi yote, na alipomaliza alikuwa anafuta macho.

Hiyo baiskeli si ya kutunga. Wenyeji wa Chanhassen walimzoea akizunguka nayo njia za karibu na nyumbani kwake. Nyumba yenyewe, Paisley Park, ilifunguliwa 1987, na ukiiona kutoka barabarani utavunjika moyo: jengo jeupe, la pembe pembe, kama ghala la kampuni ya madawa. Hakuna mnara wala dhahabu. Ndani mlikuwa na studio, ukumbi, na njiwa wawili weupe kwenye tundu, Majesty na Divinity. Karibu na uzio kuna handaki fupi la wapita kwa miguu na baiskeli, limepita chini ya barabara, na kuta zake zimejaa maandishi ya mashabiki kutoka kila nchi. Nilikwenda Septemba mwaka juzi, na kalamu ya wino mzito mkononi, nikatafuta nafasi. Nilipata kwa shida, chini kabisa, karibu na sakafu. Nikapiga magoti nikaandika jina la mtaa wetu na jina la duka lako la Mwembe Tayari. Mkono ulitetemeka, herufi ya mwisho imekwenda upande. Lakini iko pale.

Nataka nikueleze ile wiki yake ya mwisho, kwa sababu watu wameichimba kama polisi, na mimi naona wamechimba mahali pasipofaa. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 15 Aprili ndege yake iliyokuwa ikitoka Atlanta ilitua kwa dharura mji wa Moline, Illinois, akakimbizwa hospitali. Mengine ya dawa za maumivu mnayajua, yalisemwa sana. Mimi nashikilia Jumamosi yake. Jumamosi tarehe 16 alionekana kwenye baiskeli. Siku hiyo hiyo, kumbe ndiyo siku ambayo maduka ya muziki huadhimishwa, alikwenda Electric Fetus, duka la sahani za santuri la Minneapolis lililopo tangu 1968, akanunua CD 6. Fikiria, Mjomba. Mtu ambaye kwenye albamu yake ya kwanza, 1978, aliandikwa kwamba amepiga vyombo 27 peke yake, anasimama kwenye rafu anachagua muziki wa watu wengine kwa pesa zake. Alichukua Stevie Wonder. Alichukua Joni Mitchell na Santana. Alichukua nyimbo za injili za Swan Silvertones. Usiku akafungua milango ya Paisley Park, watu wakaingia kucheza, akawaonyesha piano yake mpya ya zambarau, na kwa kuwa wote walikuwa wamesikia habari za ndege, akawaambia wangoje siku chache kabla ya kupoteza maombi yao. Jumanne tarehe 19 alikuwa Dakota, klabu ya jazi mjini, kumsikiliza mwimbaji Lizz Wright. Alhamisi asubuhi wakamkuta ndani ya lifti nyumbani kwake.

Hilo duka la Electric Fetus mimi sasa ni mteja. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya udi, wallahi kama umeingia nyumba ya harusi Kibokoni, maana wanauza na vya kuchoma. Nikiwa pale huwa nagusa gusa rafu za herufi S bila sababu, nikijua kwamba ile ya Santana aliitoa humo humo au karibu na humo. Hakuna aliyenicheka.

Kuna jambo moja ambalo hapo barazani hamtaliamini, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Alikuwa Shahidi wa Yehova. Si wa jina tu. Alikuwa anakwenda Jumba la Ufalme la St. Louis Park, wenzake wanamwita Ndugu Nelson, kwa jina lake la ukoo, na alikuwa anatoka kwenda kuhubiri nyumba kwa nyumba kama wale wanaotugongea Tudor siku za Jumamosi na vitabu vyao mkononi. Mwaka 2003 gazeti la hapa liliandika kuhusu familia ya Kiyahudi ya Eden Prairie iliyofungua mlango ikamkuta yeye na Larry Graham, mpiga gitaa la besi, wamekuja kuwaeleza dini, tena siku ya Yom Kippur, sikukuu yao kubwa kabisa. Waliongea, wakaacha kijitabu, wakaondoka. Mwaka 2008 mwandishi mmoja alimuuliza watu wanafanyaje wakimwona mlangoni, akasema baadhi hushangaa lakini wengi humpokea vizuri tu. Dini yake si dini yetu, lakini mimi namheshimu mtu ambaye uwanja mzima unamlilia usiku, na asubuhi yuko tayari kusimama kwenye kizingiti cha mtu asiyemjua na kuambiwa hapana.

Ile hadithi ya chapati za maji na mpira wa kikapu mliyoiona kwenye kile kichekesho cha Dave Chappelle cha 2004 haikutungwa na Chappelle. Aliisimulia Charlie Murphy, ndugu yake mchekeshaji Eddie Murphy, kwamba ilimtokea mwenyewe: Prince na wenzake, na blauzi zao za malkia, wakamfunga Charlie na wenzake uwanjani kisha wakawapa kifungua kinywa, chapati hizo za maji. Alikuwa anajua mpira tangu shule. Na hakukasirika kuchekwa. Mwaka 2013 alichukua picha ya Chappelle aliyejigeuza yeye akaiweka kwenye jalada la wimbo wake. Mwambie huyo anayesema Prince alikuwa na majivuno.

Nyumbani kwake nimeingia, nikiwa na kundi la watalii. Waliifunga simu yangu kwenye mfuko usiofunguka, kwa hiyo picha sina, nimebaki na macho yangu. Ukutani kumechorwa anga ya buluu na mawingu. Kila mtu alikuwa anakimbilia kuona magitaa na pikipiki. Mimi nilikwama kwenye chumba kidogo cha jikoni, hapo chini. Kuna kochi, kuna runinga. Ndipo alipokuwa akikaa kutazama mpira wa kikapu. Timu ya wanawake ya hapa, Lynx, ilipochukua ubingwa Oktoba 2015, aliwaita wote waje Paisley Park usiku ule ule, akawapigia muziki mpaka karibu alfajiri. Nililitazama lile kochi, nikakuona wewe kwenye kiti chako cha plastiki, redio iliyofunguliwa tumbo mbele yako, unasubiri matokeo ya Gor na AFC.

Usiku wa siku aliyofariki, watu walijaa barabarani mbele ya First Avenue, ile klabu ya kuta nyeusi yenye nyota za majina ya wanamuziki, wakacheza mpaka kukapambazuka. Zamani ilikuwa stesheni ya mabasi. Ndimo ilimopigwa filamu ya Purple Rain, na ndimo alimorekodi wimbo wenyewe mbele ya watu tarehe 3 Agosti 1983. Nyota yake baadaye ikapakwa rangi ya dhahabu. Mwaka 2023 wakaipa jina lake sehemu ya barabara kuu namba 5 inayopita mbele ya Paisley Park, na vibao vyake ni vya zambarau. Mimi barabara hiyo napita nikienda kwa mgonjwa wangu wa Alhamisi, na kila nikipita napunguza mwendo. Simwoni mtu, lakini napunguza.

Najua utaniuliza: kama alikuwa mtu wa watu hivyo, mbona hawakumzonga? Nimewauliza wengi. Wanasema walijua alipo, walijua gari lake, walijua njia za baiskeli yake, na waliona aibu kumsumbua. Nafikiri ndivyo tunavyokufanyia na wewe pale Mwembe Tayari unapoweka ile kanda yako ya Prince. Kila spika uliyoitengeneza uliijaribu kwa kanda moja, wimbo mmoja, tangu sijazaliwa. Mtaa mzima ukijua kwamba ukisikia lile gitaa, mzigo wa mtu umepona. Na hakuna aliyewahi kukwambia ubadilishe.

Ile kanda iliyomezwa na redio mwaka juzi niliilia kwa simu nisikuonyeshe. Wiki iliyopita, Electric Fetus, kwenye kasha la vitu vilivyotumika, nikaipata nyingine. Ile ile, jalada limechubuka pembeni, utepe mzima. Binti wa kaunta aliisukuma kwangu kwa vidole viwili kama yai. Inakuja na jirani yetu wa Bamburi anayesafiri tarehe 12, iko ndani ya soksi ya sufu, katikati ya zile dawa za mama. Usiirudishe nyuma kwa mashine, tumia kalamu. Na ukiwa na spika ya mtu mezani, imepona au haijapona, nipigie kwanza kabla hujabonyeza. Hata kama huku ni saa tisa usiku, nipigie.

Mpwa wako,
Brooklyn Park, Minnesota