Mke wangu ananena kwa lugha, na mimi natakiwa kupiga kura kuhusu kikundi chake

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Morogoro. Sitautaja, maana washarika wenzangu husoma barua hizi kabla hata ya kusoma neno la siku. Kikao cha baraza la wazee kimekaribia na bado sijui nitasimama wapi.

Tuna kikundi cha maombi kinachokutana Alhamisi jioni. Kilianzishwa na akina mama wachache waliokuwa wakiombea wagonjwa. Siku hizi vijana ndio wengi, na sauti zao zinafika stendi. Wananena kwa lugha, yaani wanaomba kwa maneno yasiyofahamika wanayoamini yanatoka kwa Roho Mtakatifu, wanaombea watu, wengine wanaanguka. Mke wangu ni mmoja wa viongozi. Mimi sijawahi kunena kwa lugha, na nyumbani kwetu jambo hilo halijawahi kuleta ugomvi. Yeye huamka usiku kuomba sebuleni, mimi najigeuza nalala, asubuhi tunakunywa chai pamoja.

Ugomvi uko kanisani. Katika mkesha mmoja, vijana walimweka katikati mama mjane wa jumuiya yetu, wakamwekea mikono na kumwambia, "Fungua kinywa, achilia, achilia!" Mama wa watu alisimama pale usiku kucha, hakuna kilichotoka ila machozi. Kijana mmoja akatamka mbele ya wote kwamba kuna dhambi hajaitubu ndiyo maana Roho hashuki. Tangu siku hiyo haji mkesha wala ibada ya Jumapili.

Naomba nikueleze huyu mama ni nani. Ndiye anayejua nani amelazwa, nani amejifungua, kwa nani moto haujawashwa jikoni tangu juzi. Mchungaji akitaka kutembelea wagonjwa, humwuliza yeye kwanza. Kwenye 1 Wakorintho 12:28 Paulo anataja "masaidiano, na maongozi" katika orodha ile ile yenye miujiza na uponyaji, na aina za lugha amezitaja mwisho kabisa. Mistari miwili mbele anauliza, "Wote wanena kwa lugha?" Jibu lake liko wazi. Lakini sijawahi kusikia mkesha wa kuomba watu wajazwe karama ya masaidiano. Karama ya kumwogesha mgonjwa haina kipaza sauti.

Kwa hiyo usidhani nawatetea vijana. Shida ni kwamba na sisi wazee tumechafua. Jumapili moja kijana alipoitwa kuomba akaanza kunena kwa lugha, mzee mwenzetu akamwashiria fundi mitambo azime kipaza sauti. Kijana akazidi kupaza, kwaya nayo ikaanzisha wimbo ili kumfunika. Wageni waliokuja kubatiza mtoto walibaki wakitazamana. Sasa hoja iliyoletwa barazani ni kwamba kikundi kifungwe, na viongozi wake watengwe na Meza ya Bwana mpaka watakapoomba kurudi kundini. Kiongozi mmoja wao ndiye aliyenipikia chakula cha mchana leo.

Wanaotaka kikundi kifungwe wananukuu 1 Wakorintho 14: wanene wawili, au wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, mmoja afasiri, na asipokuwapo mfasiri basi mtu anyamaze, aseme na nafsi yake na Mungu. Ni kweli imeandikwa. Ila sura hiyo hiyo ina mstari wa 39, "wala msizuie kunena kwa lugha," na huo sijausikia ukisomwa barazani. Vijana nao wanaupenda mstari wa 18, Paulo anaposema ananena kwa lugha kuliko wote, wanaishia hapo hapo. Wa 19 unasema kanisani ni afadhali maneno matano ya kueleweka kuliko elfu kumi kwa lugha. Kila upande una Biblia yenye kurasa pungufu. Na nikuambie ukweli, nusu ya hasira ya baraza ni sadaka ya Alhamisi, ambayo haipiti kwa mtunza hazina. Hilo halitamkwi, tunasema "utaratibu".

Mama yangu mzazi alikuwa wa Bukoba, aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Kagera. Alikuwa akisimulia jinsi waliookoka walivyotubu hadharani, wakaimba Tukutendereza njiani, na wakawaita wakristo wengine baridi. Wapo wachungaji waliowakasirikia sana. Lakini wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao ya Kianglikana na Kilutheri, wakayatia moto kutoka ndani. Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo. Nikikumbuka hayo, mkono unakuwa mzito kunyoosha kura ya kufunga. Nikimkumbuka yule mjane, unakuwa mwepesi.

Mke wangu hakuwepo kwenye mkesha ule, alikuwa anauguza mjukuu. Anakiri kwamba vijana walimkosea yule mama, ila anasema shule haifungwi kwa sababu ya mwalimu mmoja. Ameniambia pia kwamba baraza likiwafunga, wapo vijana walioshaulizia bei ya kukodi ukumbi. Spika wanazo tayari. Yeye hataki kuhama. Lakini wakiondoka, atabaki na nani?

Nifanye nini? Nafikiria kupendekeza kikundi kiendelee kwa masharti: Alhamisi wafuate utaratibu wa Paulo, mtu asilazimishwe kunena, asipimwe wokovu kwa lugha, sadaka ipite kwa mtunza hazina. Lakini nikisimama kulisema hilo, watasema nimetumwa na mke. Nijiondoe kwenye kikao wakati wa kura? Nikijiondoa, naona wanaotaka kufunga watashinda, na baadhi yao wanasubiri nifanye hivyo.

Na kuhusu yule mjane, nani aende kwake? Mchungaji anataka twende sisi wazee. Mimi naona waende waliomwekea mikono, tena yule aliyesema ana dhambi aliseme kosa lake pale pale alipolifanya, mbele ya watu. Mke wangu anahofia kumrudisha mama wa watu katikati ya umati kwa mara ya pili, hata kama ni kwa kuombwa radhi. Hapo sina jibu.

Amejua nakuandikia, na ameniongezea swali. Anasema baraza likikubali kikundi kiendelee chini ya mzee mmoja wa kukaa nao kila Alhamisi, niombe niwe mimi, kwa sababu sineni kwa lugha na hawataweza kusema sina Roho huku nimekaa nao. Je, mume anaweza kusimamia kikundi anachoongoza mkewe, au hapo ndipo tutaharibu kabisa?

Mzee wa Kanisa, Morogoro