Kwa kaka wa stesheneri pale stendi, Moshi

Kaka, sikukuuliza jina na wewe hukunitajia. Nilikuja na vyeti kwenye bahasha ya kaki, zimebaki siku mbili dirisha la maombi ya chuo lifungwe, nami nimejaza udaktari peke yake. Ukatazama matokeo yangu ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), ukauliza, "Fiziotherapia umeifikiria?" Sikuwa naijua. Ukanisimulia mzee wako alivyopata kiharusi, wataalamu wa fani hiyo wakamfundisha upya kwa mazoezi, hata kushika kijiko.

Ukaniongezea kozi hiyo kwenye maombi, chuo cha KCMC, cha afya, palepale Moshi. Ukanikumbusha nikahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla ya kuomba mkopo wa masomo Bodi ya Mikopo. Fomu ya mdhamini wa mkopo uliiskani mara tatu kwa sababu muhuri wa serikali ya mtaa haukusomeka. Nilipotoa hela, ukachukua ya karatasi tu.

Sasa niko mwaka wa tatu. Anatomia ilinitesa, misuli ya mkono tu nilikesha nayo wiki nzima. Lakini juzi wodini, mama aliyepooza upande wa kulia alishika kikombe cha chai, akakifikisha mdomoni bila kumwaga. Nikakukumbuka palepale.

Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie, na mzee nisalimie.